Kitanda kilipokuwa dawa

Mtu aliyepasuliwa ngiri mwanzoni mwa karne iliyopita, awe London au New York, alijua kinachomsubiri: kulala chali wiki mbili, pengine tatu. Kukaa hakuruhusiwa, sembuse kwenda msalani. Nesi alimlisha, akamwogesha na kumwekea chombo cha haja palepale kitandani. Daktari mpasuaji aliogopa jambo moja kuliko yote, mshono kufumuka. Nyuzi zilizotumika sana enzi hizo zilitengenezwa kwa utumbo wa kondoo, na nyingine ziliyeyuka kabla nyama haijashikana. Kwa hesabu hiyo, mgonjwa asiyejigusa ndiye aliyekuwa salama.

Hesabu hiyo ilisahau miguu. Damu ikituama kwenye mishipa yake huweza kuganda, na bonge likichomoka husafiri hadi mapafuni na kuziba njia. Rudolf Virchow wa Ujerumani alikuwa ameshaeleza safari hiyo ya bonge katikati ya karne ya 19. Isitoshe, mapafu ya anayelala chali hayajai hewa sawasawa. Makohozi yanatuama, nimonia inaingia. Basi siku mgonjwa aliporuhusiwa kusimama kwa mara ya kwanza, wapo waliopiga hatua mbili tatu wakaanguka na kukata roho. Wodi nzima iliona kwa macho kwamba kusimama ndiko kulikoua, ilhali bonge lilikuwa limejijenga siku zote zile za kulala. Nadhani ndiyo maana kanuni ile iliishi muda mrefu hivyo: kifo kilicholetwa na kitanda kilisomeka kama onyo la kubaki kitandani.

Si kwamba hakuna aliyeshtuka. Mwaka 1899 Emil Ries, daktari wa magonjwa ya wanawake huko Chicago, alichapisha makala akieleza jinsi alivyowainua wagonjwa wake wa upasuaji mapema na kuwapa chakula bila kusubiri siku nyingi. Wenzake wengi walimpuuza. Ikapita karibu miaka 40. Mwaka 1938, mjini Detroit, mgonjwa mmoja aliyetolewa kidole tumbo alimgomea daktari wake, Daniel Leithauser: akaamka, akatembea, akaondoka zake, wala hakupatwa na lolote. Leithauser akaanza kuwaamsha wengine kwa makusudi, na mwaka 1946 akatoa kitabu kizima juu ya jambo hilo.

Hata hivyo, kilichosukuma mambo zaidi ni vita. Vita Kuu ya Pili ilileta majeruhi wengi kuliko vitanda, na wauguzi wengi wakapelekwa jeshini. Askari alitakiwa arudi kikosini. Kitanda kilitakiwa na mwingine. Wagonjwa wakainuliwa mapema kwa kukosa budi, na mishono haikufumuka kama ilivyohofiwa. Mwaka 1947 daktari wa Uingereza, Richard Asher, akaandika makala maarufu katika jarida la madaktari la nchi hiyo kuhusu hatari za kulala kitandani: vidonda vya mgandamizo, mifupa kupungua nguvu, choo kufunga, moyo kukata tamaa. Ushahidi ulikuwepo miongo minne. Uhaba ndio uliofanya usomwe.

Siku hizi amri ya daktari ya kumwinua mgonjwa mapema huandikwa kwenye faili kwa sekunde chache. Kazi yenyewe ni ya muuguzi, na kumwinua mgonjwa wa tumbo kuna utaratibu wake. Dawa ya maumivu hutangulia, ikapewa muda ifanye kazi. Mgonjwa hugeuzwa ubavu, miguu huteremshwa ukingoni, naye hujisukuma kwa kiwiko. Hainuliwi moja kwa moja kutoka chali, maana tumbo ndilo lenye jeraha. Hukaa hapo kwanza, muuguzi akimtazama usoni: jasho jembamba likimtoka au akisema anaona giza, analazwa tena na kupimwa presha. Akikohoa, hukumbatia mto juu ya mshono. Mfuko wa mkojo hubebwa chini ya usawa wa kibofu ili mkojo usirudi ndani.

Halafu kuna lile swali ambalo shangazi akiulizwa mbele ya wajukuu hutazama ukutani: umejamba? Kwa miaka mingi jibu la ndiyo lilikuwa cheti cha kupewa uji, maana lilionyesha utumbo umeamka. Katika miaka ya 1990 Henrik Kehlet, daktari mpasuaji wa Denmark, alitilia shaka mila hiyo pamoja na nyingine nyingi. Aliunganisha dawa bora za maumivu, chakula cha mapema na kutembea mapema, na mwaka 1995 yeye na wenzake wakaripoti wazee waliokatwa sehemu ya utumbo mpana wakarudi nyumbani baada ya siku mbili.

Mpango huo umefika kwetu pia. Huko Mbarara, Uganda, ulijaribiwa kwa akina mama waliojifungua kwa upasuaji wa dharura, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha walitoka hospitali mapema kuliko waliohudumiwa kwa kawaida.

Ugumu unabaki kwenye mikono. Zamu ya usiku yenye muuguzi mmoja na wodi iliyojaa haiwezi kumtembeza kila mtu, kwa hiyo ndugu hufundishwa kushika kiwiko na kubeba mfuko. Hapo muuguzi huwa na kazi ya ziada: kumshawishi mama mkwe anayesema, kwa upendo kabisa, mwacheni mtoto wa watu apumzike.