Leonardo da Vinci na barua ya kuomba kazi

Waswahili husema kizuri chajiuza. Leonardo da Vinci, mchoraji kutoka Florence, hakungoja. Mnamo mwaka 1482 au karibu na hapo, akiwa na umri wa miaka 30 hivi, alitayarisha barua ya kuomba kazi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milan.

Italia wakati huo ilisumbuliwa na vita baina ya madola yake, na Leonardo alijua mtawala anahitaji nini. Barua yake haikuanza na picha. Ilitaja, hoja baada ya hoja, yale ambayo Ludovico angeyapata: madaraja mepesi ya kumfuatia adui au kumkimbia, njia ya kukausha mahandaki ya ngome, mizinga inayobebeka, na magari ya vita yaliyofunikwa. Uchoraji ulitajwa mwishoni, pamoja na sanamu ya farasi wa shaba ya kumuenzi baba yake Ludovico.

Yalikuwa maneno mazito kwa mtu aliyejulikana zaidi kwa brashi kuliko kwa mizinga. Hata hivyo, Leonardo alijifunga nayo: atakayetilia shaka, alisema, yuko tayari kumthibitishia kwa vitendo.

Baadaye aliajiriwa na Ludovico. Farasi hakukamilika, mwaka 1494 shaba yake ilipelekwa kutengenezea mizinga. Lakini katika mji huo huo wa Milan, hadi leo watu humiminika kuitazama Karamu ya Mwisho, kazi ya ule ujuzi alioutaja mwishoni.