Ufunguo wa Ghala

Siku hizi linazungumzwa sana suala la kila mtaa kuwa na kituo chake cha kukabili maafa: mahali pa kukimbilia mvua ikizidi, pa kupata habari, chakula na huduma ya kwanza. Ni jambo jema. Lakini sisi tuliofundisha Nachingwea na Ruangwa tunajua kuwa si geni. Tuliwahi kuwa na kitu cha namna hiyo, nasi tukakipoteza.

Mwaka 1973 nilikuwa mwalimu kijana. Mwaka ule ilifanyika kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya, na karibu watu wazima milioni 2 nchini walijiunga na vikundi. Mimi niliongoza kimoja, chini ya mkorosho. Tulisikiliza redio, tukasoma kijitabu, tukajadiliana, kisha tukaamua kazi ya wiki. Tulichimba vyoo na kufukia madimbwi. Lakini faida kubwa niliiona baadaye. Kampeni ilipokwisha nilikuwa naijua kila nyumba: nani mjamzito, bibi yupi anaishi peke yake, nani ana baiskeli ya kumfikisha mgonjwa zahanati.

Njaa ilipobana nchi mwaka 1974, tulijua pa kuanzia. Mwaka 1975 ikaja kampeni nyingine, Chakula ni Uhai. Wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu katika kijiji kimoja upande wa Ruangwa, ambako hakujawa wilaya hadi mwaka 1995. Wanakijiji walikubaliana kila kaya itoe makopa na mtama wa akiba, ukajengwa ukuta wa ghala karibu na shule, ukaezekwa kwa bati. Ufunguo nikapewa mimi.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilikwenda Nachingwea kufuata mishahara ya walimu, ufunguo ukiwa mfukoni. Mvua ikaharibu njia, nikakwama siku 6. Niliporudi nilikuta upepo umeng'oa bati moja na maji yameingia kwenye magunia. Watu walikuwa wameyaona maji yakiingia, lakini hakuna aliyevunja kufuli.

"Tuliogopa, Mwalimu," mzee mmoja aliniambia. "Ghala ni la serikali."

Makopa yale waliyamenya na kuyaanika wao wenyewe. Karibu nusu yalikuwa yameota ukungu, tukayamwaga. Mzee yule hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi.

Tangu siku ile funguo zikawa mbili, moja kwa mama mmoja jirani na ghala, nyingine kwa balozi wa nyumba kumi. Daftari la akiba likasomwa hadharani kila mwisho wa mwezi. Mambo yakaenda vizuri kwa miaka michache. Kisha vikaja vita vya Uganda vya 1978 na 1979 na shida zilizofuata. Betri za redio zikaadimika, wageni kutoka wilayani wakapungua, na vikundi vikafa kimoja kimoja. Tulikuwa tumezoea kukutana tunapoitwa. Alipokosekana wa kutuita, tukakaa.

Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilileta mvua kubwa Lindi na Mtwara, na barabara ya Dar es Salaam ikakatika wilayani Kilwa. Kwa siku kadhaa msaada wa karibu ulikuwa jirani. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati hadi vijijini na mitaani, na hiyo ni nafasi ya kuanza tena.

Nilipokuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu niliwasimulia wanachuo kisa cha ghala lile, nami nakisimulia tena kwako, ndugu msomaji. Kabla hamjanunua bati la kituo chenu, andikeni majina ya wazee na wagonjwa, mchague siku ya kukutana bila kuitwa, na mkubaliane funguo zitakaa kwa nani na nani. Kila mmoja ajue pia kwamba kilichomo ni chake.