Kutoka Fomu Hadi Simu: Kumfuatilia Mgonjwa wa Baridi Yabisi



Huenda unamtunza mama mzazi au dada mwenye baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo. Alfajiri vidole vimekakamaa, hata kufunga kifungo ni taabu. Akimfikia daktari saa tano, vidole vimelegea. Akiulizwa hali, anajibu, "Sijambo." Ugonjwa unabaki umejificha.

Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1980, Dkt. James Fries na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha fomu ambayo mgonjwa hujijazia. Je, anaweza kuvaa nguo? Kuinua kikombe kilichojaa? Alama 0 ni bila shida, 3 ni hawezi kabisa.

Mwaka 2004, utafiti wa Glasgow, Scotland, ulionyesha faida ya kupima. Kundi moja lilipimwa kila mwezi na dawa kurekebishwa kufuatana na alama. Jingine lilipata huduma ya kawaida. Baada ya miezi 18, ugonjwa ulikuwa umetulia kwa wagonjwa 65 katika kila 100 wa kundi la kwanza, na 16 tu wa lile la pili.

Lakini nauli ya kila mwezi itatoka wapi? Simu inasaidia. Hapa Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwahusu watu walioanza dawa za virusi vya Ukimwi. Kila wiki walitumiwa ujumbe, "Mambo?", wakajibu "Sawa" au "Shida". Mwenye shida alipigiwa simu. Waliotumiwa ujumbe walizingatia dawa zaidi. Ugonjwa ni mwingine, lakini njia yafaa. Leo kuna programu za simu ambazo wagonjwa wa baridi yabisi hujazia maswali kama yale ya 1980.

Nawe mama, anza na simu uliyo nayo, au daftari la mtoto. Kila Jumapili andika: asubuhi alikakamaa dakika ngapi? Viungo vingapi vimevimba? Alikosa dawa gani? Kama anatumia methotrexate, weka kengele ya siku moja kwa wiki, kwani haimezwi kila siku. Mpe daktari maandishi hayo.

Simu haipimi damu, wala haibadilishi dawa. Akipata homa kali au akishindwa kupumua, usingoje Jumapili. Mpeleke hospitali mara moja.