Pemba isiyo na karafuu

Siku ya mnada Karatu, ukishaipita mitumba na kabla hujafika kwa wauza mbuzi, utawakuta akina mama wametandika viroba chini: dagaa, magadi, tumbaku ya kunusa, na vipande vya udongo mkavu vya ukubwa wa kidole gumba. Udongo huo ndio pemba. Mteja wake hujulikana kabla hajafungua kinywa, maana anatema mate pembeni na amejiziba pua kwa khanga kwa sababu ya moshi wa nyama choma. Muuzaji naye haulizi mengi. "Mimba changa, mwanangu? Chukua, utatulia." Mteja anamega pembe ya kipande, anaimung'unya taratibu, uso unakunjuka.

Biashara hii ina historia ndefu kuliko mnada wenyewe. Mwaka 1870 mmisionari David Livingstone alikwama Manyema, mashariki ya Kongo ya leo, miguu imejaa vidonda. Katika shajara yake aliandika habari za maradhi ya kula udongo, ambayo Zanzibar yaliitwa safura. Alishangaa kuona kwamba si watumwa peke yao waliokula. Hata matajiri wenye chakula tele walishikwa na hamu hiyo. Alieleza pia namna ya kumtambua mgonjwa: bonyeza ukucha, na damu isipoonekana chini yake, ni safura. Muuguzi wa kliniki leo humvuta mjamzito kope ya chini na kumtazama viganja, akitafuta jambo lile lile. Neno lenyewe halikufa, lilihama tu: siku hizi safura ni upungufu wa damu unaoletwa na minyoo. Mimi naona waliolitumia zamani walikuwa na macho makali. Waliona kwamba udongo na damu vinafuatana, ingawa wataalamu bado wanabishana kipi hutangulia.

Tena si binadamu tu wanaokula udongo. Juu ya mji wa Karatu, katika msitu wa Ngorongoro, kuna yale yanayoitwa mapango ya tembo. Si mapango hasa, ni kingo ambazo tembo wamezichimbua kwa pembe zao ili wale udongo wenye madini.

Na udongo kweli hutuliza tumbo. Kaolini, udongo mweupe laini, iliuzwa miaka mingi katika maduka ya dawa kwa ajili ya kuharisha. Ulaya yenyewe ilipotafuta tiba ya kisasa ya kichefuchefu cha mimba iliangukia pabaya: thalidomide, iliyoanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 na kuondolewa mwaka 1961, iliacha maelfu ya watoto wenye mikono na miguu isiyokamilika. Ndiyo maana mpaka leo daktari husita kumwandikia vidonge ovyo mwenye mimba changa.

Lakini pemba nayo si salama. Udongo hunasa madini ya chuma tumboni kabla mwili haujayapata, na huweza kubeba mayai ya minyoo. Utafiti uliofanywa Geita na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta karibu nusu ya wajawazito waliohojiwa wanakula udongo, na udongo huo una arseniki. Hiyo ni nchi ya migodi, sawa. Ila kipande cha mnadani hakina lebo ya kusema kilichimbwa wapi.

Basi, mama, ukienda kliniki usifiche pemba yako. Mwambie muuguzi. Kichefuchefu kwa kawaida hupungua mimba ikifika miezi minne. Kwa sasa, tafuna mkate mkavu kabla hujainuka kitandani, kula kidogo kidogo, jaribu chai ya tangawizi. Vidonge vya kuongeza damu vikikuchafua tumbo, vimeze usiku baada ya kula, usivitupe. Na ukifika mahali hata maji hayakai tumboni, usingoje kesho: nenda hospitali.