Orodha Iliyomzalia Dunia IMDb, na Yangu Iliyopotea

Najua nimekuwa kimya kwa muda, na wengine wenu mmeniuliza kama blogu imekufa. Haijafa. Leo nimerudi nikiwa na hasira kidogo, kwa hiyo mnivumilie.

Nilikuwa na orodha. Vitabu ninavyotaka kusoma, filamu na vipindi ninavyotaka kutazama, na vile nilivyokwisha kumaliza, kila kimoja na tarehe yake. Niliianza nikiwa mwaka wa kwanza chuoni. Siku hizo tulikuwa tukibeba flashi hadi kibandani nje ya lango, unamwambia jamaa "niwekee msimu wa tatu", unalipa shilingi kumi kwa kila kipindi, unarudi chumbani. Shida ni kukumbuka uliachia wapi. Mara mbili nililipia vipindi vilevile, na kwa mwanafunzi hiyo ilikuwa pesa ya chapati. Basi nikajisajili kwenye tovuti moja ya bure, nikawa najaza huko kila kitu.

Miaka saba baadaye tovuti ikafungwa. Waungwana walituma ilani ya siku thelathini kwa anwani yangu ya barua pepe ya chuo, ambayo nayo ilizimwa nilipohitimu. Nilipofungua ukurasa nikakuta aya mbili za kwaheri. Zaidi ya mambo mia sita niliyoyaandika yalikuwa yamekwenda. Rafiki yangu akacheka: "Si ni orodha tu?"

Hiyo "orodha tu" ndiyo imenifanya niketi kuandika. Hifadhidata kubwa kabisa ya filamu duniani nayo ilianza kama orodha tu ya kijana mmoja aliyekuwa akisahau alichotazama.

Kijana huyo ni Col Needham, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1967. Kanda za VHS zilipoingia majumbani, alitazama filamu nyingi kiasi kwamba akaanza kuchanganyikiwa ni ipi ameona na ipi bado. Akaanza kuziandika katika tarakilishi yake ya nyumbani: jina la filamu, mwongozaji, waigizaji. Alifanya hivyo kwa faida yake mwenyewe, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kumwomba.

Baadaye alipata kazi ya uhandisi wa programu Hewlett-Packard, huko Bristol, na kupitia mtandao akaingia Usenet. Kwa wadogo zangu ambao hawakuikuta (nami sikuikuta, nimesoma tu): Usenet ilikuwa kama mabaraza mengi ya maandishi matupu, kila moja na mada yake. Baraza la sinema liliitwa rec.arts.movies. Kulikuwa na watu pale waliotunza orodha. Moja ilianza kwa mzaha wa vijana, waigizaji wa kike wenye macho mazuri. Mwingine akatunza ya waigizaji wa kiume, mwingine waongozaji, mwingine waigizaji waliofariki. Ukiona kosa, unamwandikia mwenye orodha, anarekebisha, anaituma upya barazani.

Tarehe 17 Oktoba 1990 Needham alituma barazani skripti za Unix alizoziandika. Ulizishusha pamoja na zile orodha, kisha ukaweza kuuliza kwenye mashine yako mwenyewe: fulani ameigiza filamu zipi? Filamu hii iliongozwa na nani? Orodha zote kwa pamoja zilikuwa na filamu na vipindi vipatavyo 10,000. Zingatieni tarehe hiyo. Tim Berners-Lee hakuwa ameitangazia dunia wavuti; hilo lilikuja Agosti 1991. Yaani IMDb ina umri mkubwa kuliko wavuti tunayoijua.

Sasa nitawachosha kidogo na muundo wa faili, kwa sababu ndipo utamu ulipo kwa sisi waandishi wa programu. Kila mstari ulikuwa na jina la mwigizaji, nafasi za tabu, jina la filamu na mwaka wake kwenye mabano, kisha jina la mhusika kwenye mabano ya mraba. Sigourney Weaver, Alien (1979), [Ripley]. Basi. Hakuna SQL, hakuna nambari za utambulisho. Kitambulisho cha filamu kilikuwa jina lake na mwaka. Inatosha, mpaka mwaka mmoja utoe filamu mbili zenye jina moja. Walifanyaje? Wakaongeza nambari za Kirumi ndani ya mabano, (1979/I), (1979/II). Mwalimu wangu wa hifadhidata angeninyima alama kwa jambo hilo, lakini mfumo huo uliendelea kuishi kwenye faili zao za maandishi hadi mwaka 2017, walipoacha kuzitoa na kuleta faili mpya za TSV. Katika mfumo mpya kila kazi ina nambari yake. Alien ni tt0078748, na haitagongana na nyingine hata zikifanana majina.

Mwaka 1993 mambo yalihamia kwenye wavuti, katika seva ya idara ya sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cardiff, Wales, kwa kazi ya mwanafunzi wa huko aitwaye Rob Hartill. Mwaka 1996 waliokuwa wakijitolea wakaunda kampuni, na Needham akaacha kazi yake. Aprili 1998 Amazon ikainunua, pamoja na maduka mawili ya vitabu ya mtandaoni, moja la Uingereza na jingine la Ujerumani. Amazon ilikuwa inajiandaa kuuza kanda na DVD, na hakuna njia nzuri ya kumuuzia mtu filamu kuliko kukaa pale anapotafuta aliyeigiza.

Hapa huwa najikuna kichwa. Maelfu ya watu walituma masahihisho bure. Waliuza nini hasa, na ni cha nani? Siwalaumu waanzilishi, seva hugharimu pesa, na mtandao wa umeme wa huruma haujagunduliwa. Tena IMDb mpaka leo inatoa faili zake bure kwa matumizi yasiyo ya biashara. Wenzao wa CDDB walikuwa wakali zaidi. Hiyo ilikuwa hifadhidata ya majina ya nyimbo kwenye CD, iliyoandikwa na watumiaji wenyewe, wimbo kwa wimbo. Iliuzwa mwaka 1998, masharti yakabadilika, na watengenezaji wa programu waliokasirika wakajenga freedb na MusicBrainz.

Kwenye vitabu hadithi inafanana. Goodreads ilianza Januari 2007 na rafu zake tatu: nilichosoma, ninachosoma, ninachotaka kusoma. Amazon ikainunua mwaka 2013. Desemba 2020 wakaacha kutoa funguo mpya za API, kwa hiyo mwanafunzi wa leo anayetaka kujenga kijiprogramu juu ya data ile amekuta mlango umefungwa. Angalau unaweza kupakua orodha yako mwenyewe kama CSV. Letterboxd, iliyoanzishwa Auckland mwaka 2011, nayo inakuruhusu. Kama hamjafanya hivyo, simamisheni kusoma mkafanye. Nitasubiri.

Vitabu vina bahati ya kuwa na ISBN, kiwango cha kimataifa tangu 1970. Chukua kitabu kilichochapishwa hapa Kenya ugeuze jalada. Baada ya 978 utaona mara nyingi 9966, ndiyo alama yetu. Zidisha tarakimu zote 13 kwa 1 na 3 kwa zamu, jumlisha, na jibu lazima ligawanyike kwa 10. Nilipoandika upya programu ya orodha yangu nilifanya ISBN iwe ufunguo mkuu wa jedwali. Kosa la kitoto. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, kwa hiyo hakuna chapa hata moja aliyoiona mwenyewe yenye ISBN. Nakala nzee ya Kusadikika niliyopewa na babu ikakataliwa na programu niliyoiandika mimi mwenyewe.

Na filamu? Mnakumbuka vibanda vya video, sinema ya kivita kutoka ng'ambo na sauti ya DJ Afro ikitafsiri, ikitania, ikiwapa majambazi majina ya mtaani. Ile niliyoitazama mimi si ile iliyoonyeshwa kwao. Mzaha niliocheka haumo kwenye filamu ya awali kabisa. Niiandikie nambari gani ya tt? Sina jibu, nimeongeza safu inayoitwa "msimulizi".

Kabla sijasahau, neno letu fahirisi lina undugu na kitabu kimoja kikongwe. Karibu mwaka 987 huko Baghdad, muuza vitabu Ibn al-Nadim aliandika al-Fihrist, akijaribu kuorodhesha vitabu vyote vilivyopatikana kwa Kiarabu. Kinachonifurahisha ni kwamba mahali pengi anaeleza kama amekiona kitabu kwa macho yake, au amesikia habari zake tu. Vitabu vingi alivyovitaja vimepotea kabisa, hatuvijui ila kupitia orodha yake. Nilimwonyesha rafiki yangu yule wa "orodha tu" sehemu hiyo. Akanyamaza, kisha akaniomba password ya Netflix.

Orodha yangu mpya sasa ni faili moja ya maandishi. Tabu kati ya safu, mstari mmoja kwa kila kitu, safu ya "nimeona" na safu ya "nimesikia". Iko kwenye Git, na nakala ya akiba iko kwenye flashi, tena ileile ya siku za kibandani. Kutafuta ni grep tu. Nimejaribu kukumbuka yale mia sita, nimefika mia mbili na kidogo, na vipindi vingine nakumbuka kisa lakini jina limeniponyoka. Mama amenisaidia vinne, maana alikuwa akilalamika nilivyokuwa nikivitazama usiku wakati wa likizo.

Mstari wa kwanza nimeuandika Kusadikika. Kwenye safu ya tarehe nimeweka alama ya kuuliza, kwa sababu nikisema ukweli, sina hakika kama shuleni nilikisoma chote au nilisoma mwongozo tu.