Majeraha ya uti wa mgongo: kwa nini semina ya siku moja haitoshi

Mtu akianguka kutoka mtini au kwenye paa, au akirushwa na pikipiki, anaweza kuumia uti wa mgongo. Utafiti wa wagonjwa wa majeraha haya waliopokelewa KCMC, Moshi, kati ya 2010 na 2014 ulionyesha kuwa kuanguka kuliongoza, kukifuatiwa na ajali za barabarani. Kwa wakazi wa Mbulu na Hanang, wanaopanda miti kurina asali na kusafiri kwa bodaboda, hatari hizo si ngeni.

Nini hutokea mwilini

Uti wa mgongo hupita ndani ya pingili za mgongo na kubeba taarifa kati ya ubongo na mwili. Ukibanwa au ukikatika, sehemu iliyo chini ya jeraha hupoteza nguvu na hisia. Jeraha la mgongoni hupoozesha miguu. La shingoni hugusa na mikono. Mara nyingi mgonjwa hushindwa pia kudhibiti haja.

Baada ya siku za mwanzo, hatari kubwa hutokana na vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Yote mawili yanaweza kuzuilika kwa uangalizi mzuri.

Mhudumu anapaswa kujua nini

Kwanza, kumgeuza mgonjwa aliyelala kila baada ya saa 2 na kukagua ngozi yake kila siku, kwa sababu yeye hasikii maumivu ya kidonda kinachoanza.

Pili, kutoa mkojo kwa mpira safi kwa saa maalumu, na kuwafundisha mgonjwa na ndugu zake kufanya hivyo nyumbani.

Tatu, kutambua hatari ya ghafla. Mgonjwa aliyeumia shingo au sehemu ya juu ya mgongo akilalamika kichwa kinauma sana, akatoka jasho na presha ikapanda, mhudumu amkalishe na aangalie mpira wa mkojo. Huenda umejikunja au umeziba. Asiyefundishwa anaweza kudhani ni presha ya kawaida.

Somo kutoka Haydom

KCMC hufundisha wataalamu wa fiziotherapia, na chuo cha TATCOT kilichopo hapo, kilichoanzishwa 1981, hufundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi. Lakini anayekutana na mgonjwa kila siku kijijini ni muuguzi au tabibu wa zahanati. Afundishwe vipi?

Jibu moja lipo Mbulu kwenyewe. Mwaka 2010 wahudumu wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom walipata mafunzo ya siku moja ya kuwasaidia watoto wachanga wasiopumua. Walifanya vizuri kwenye mwanasesere, lakini watafiti walipoangalia chumba cha kujifungulia, huduma haikuwa imebadilika. Kuanzia 2011 wakafanya mazoezi mafupi, ya mara kwa mara, palepale kazini. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikapungua kutoka takriban 11 hadi 7 kwa kila watoto 1,000.

Kumgeuza mgonjwa na kuweka mpira wa mkojo ni kazi za mikono pia, nazo hushika kwa kurudiwa. Aidha, Haydom ilijua mafunzo ya kwanza hayakutosha kwa sababu ilihesabu. Kwa majeraha ya mgongo, kila kituo kinaweza kuandika: mgonjwa aliumiaje, alibebwaje, alifika baada ya saa ngapi, alipata kidonda, na hali yake ikoje mwaka mmoja baada ya kurudi nyumbani.

Ukimkuta aliyeanguka

Usimkalishe, usimvute mikono wala kumpakia kwenye pikipiki. Shikilia kichwa na shingo visicheze. Watu kadhaa wamgeuze kwa pamoja, mwili ukiwa umenyooka, wamlaze juu ya ubao mpana au mlango, kisha apelekwe hospitali.