Orodha Iliyoiponza Napster

Mwezi wa Juni 1999, Shawn Fanning, kijana aliyekuwa amesoma Northeastern University mjini Boston, alitoa programu iitwayo Napster. Wengi huieleza kuwa ghala la nyimbo. Tusichanganye mambo: nyimbo zilibaki katika kompyuta za wenyewe, kilichowekwa mahali pamoja ni orodha tu, yenye kuonyesha nani ana wimbo gani. Mtafutaji aliiuliza orodha, akajibiwa, kisha kompyuta yake ikauchukua wimbo moja kwa moja kwa mwenzake.

Orodha hiyo ndiyo iliyoiponza. Makampuni ya muziki yalishtaki Desemba 1999, na Februari 2001 mahakama ya rufani ya Marekani ikaona kwamba mwenye kujua na kuwezesha unakili usioruhusiwa aweza kuwajibika, hata kama hakunakili yeye. Julai mwaka huo huduma ikasimama. Kuzima mahali pamoja kulitosha.

Gnutella, iliyotokea Machi 2000, haikuwa na orodha kuu. Swali lilipita kwa kompyuta jirani, nazo zikalipeleka mbele, mpaka idadi ya hatua iliyowekwa iishe. Hapakuwa na mlango mmoja wa kufunga. Lakini (hili husahauliwa na wanaoisifu) maswali yalijaa njiani hata kompyuta zenye laini dhaifu zikalemewa.

Bram Cohen, mtunzi wa BitTorrent ya mwaka 2001, aliuacha utafutaji kando. Alikata faili vipande. Aliyepata kimoja huanza kukigawa huku akingoja vingine. Kilicho adimu huombwa kwanza, kisije kikatoweka mwenyewe akiondoka.